Kinatimizwa au kimetimizwa? Vigezo vya vita na mvutano wa vyama Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo huzuka kila vita vya Marekani vinapojadiliwa, nayo ni kwamba mbunge anayeweka vigezo vya mafanikio ya vita anaingilia kazi ya majemadari, na kwamba vigezo vyenyewe si chochote ila pazia la kuficha nia ya kukimbia. Hoja hii ilipata nguvu kubwa mwaka 2007, vyama vya Republican na Democratic vilipovutana juu ya vita vya Iraq, na hadi leo wapo wanaoitaja kana kwamba mvutano ule uliithibitisha. Mimi nausoma mwaka ule kwa namna nyingine. Naamini kuweka vigezo ni kazi halali ya wabunge, pengine ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote vita vikishaanza, na kilichoiharibu kazi hiyo ni kwamba kila chama kilivitumia vigezo kusema jambo ambalo hakikutaka kulisema waziwazi.

Nianze kwa kuondoa kosa moja la kumbukumbu. Wengi husimulia habari hii kana kwamba vigezo vilibuniwa na Wademokrati baada ya kushinda uchaguzi wa Novemba 2006 na kuyatwaa mabaraza yote mawili ya Kongresi, yaani bunge la Marekani. Sivyo ilivyokuwa. Mwezi Desemba 2006 jopo lililoongozwa kwa pamoja na James Baker, Mrepublikani, na Lee Hamilton, Mdemokrati, lilitoa mapendekezo 79 kuhusu Iraq, na miongoni mwake lilitaka serikali ya Baghdad iwekewe hatua za kufikia na misaada ipunguzwe ikiwa haitazifikia. Tarehe 10 Januari 2007, Rais George W. Bush alipolitangazia taifa lake kwamba anapeleka zaidi ya askari 20,000 wa nyongeza, aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Marekani itaibana serikali ya Iraq kwa vigezo ambavyo serikali hiyo ilikuwa imejitangazia, na akavitaja: kushika ulinzi wa mikoa yote kabla ya Novemba, kupitisha sheria ya kugawana mapato ya mafuta, kutumia dola bilioni 10 za fedha zake katika ujenzi mpya, kufanya uchaguzi wa mikoa, na kulegeza sheria zilizowafungia milango watu waliokuwa wanachama wa Baath, chama cha Saddam Hussein. Kwa hiyo Kongresi ilipodai vigezo, ilikuwa inadai ahadi iliyokwisha kutolewa mbele ya umma. Ugomvi ulihusu nani atakayepima, na nini kitatokea kipimo kikionyesha upungufu.

Katika suala hili la pili, Wademokrati walifanya kosa ambalo sioni sababu ya kulifunika. Mswada wa fedha za vita waliompelekea Rais mwishoni mwa Aprili 2007, uliopita kwa kura 218 dhidi ya 208 katika Baraza la Wawakilishi na 51 dhidi ya 46 katika Seneti, ulisema kwamba Rais akishindwa kuthibitisha maendeleo ya Iraq, majeshi yaanze kuondoka ifikapo tarehe 1 Julai mwaka ule, na akiyathibitisha, majeshi yaanze kuondoka ifikapo tarehe 1 Oktoba. Msomaji na atazame vizuri maana ya maneno hayo. Iraq ingefaulu, majeshi yangeondoka. Iraq ingeanguka, majeshi yangeondoka. Tofauti ilikuwa miezi mitatu. Kigezo ambacho matokeo yake hayabadilishi uamuzi si kigezo. Walikuwa na haki kamili ya kutaka vita viishe, na wapiga kura wengi waliwachagua kwa sababu hiyo, lakini wangesema hivyo moja kwa moja badala ya kuivisha nia yao nguo ya kipimo. Bush aliupinga mswada huo kwa kura ya turufu tarehe 1 Mei 2007, miaka minne kamili tangu siku aliposimama juu ya manowari Abraham Lincoln, mbele ya bango lililotangaza kwamba kazi imekamilika, na juhudi za Baraza la Wawakilishi kuitengua turufu hiyo zikashindwa kwa sababu kura 222 dhidi ya 203 hazikufikia theluthi mbili.

Bango lile la mwaka 2003 lenyewe ni hoja. Vita vilitangazwa kuwa vimekamilika katika shughuli zake kubwa pasipo mtu yeyote nje ya serikali kuulizwa kukamilika ni nini, na waliokufa baada ya siku ile ni wengi kupindukia kuliko waliokufa kabla yake. Anayedai kwamba wabunge hawana haja ya kuuliza mafanikio yatapimwaje ana wajibu wa kueleza ni nani mwingine aliyeuliza.

Baada ya turufu, Seneta John Warner wa Virginia, Mrepublikani na mtu aliyeheshimiwa katika mambo ya ulinzi, alichukua wazo la vigezo akaliondolea tarehe za kuondoka. Sheria iliyotiwa saini tarehe 25 Mei 2007 iliorodhesha vigezo 18, ikamtaka Rais atoe taarifa mbili, moja katikati ya Julai na nyingine katikati ya Septemba, na ikaiagiza Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ndiyo mkaguzi wa Kongresi, itoe tathmini yake yenyewe ifikapo tarehe 1 Septemba. Jinsi kura zilivyokwenda huwashangaza wengi. Katika Baraza la Wawakilishi, fedha za vita zilizofungamana na vigezo hivyo zilipita kwa kura 280 dhidi ya 142, na kati ya kura hizo 280, kura 194 zilikuwa za Warepublikani na 86 tu za Wademokrati. Vigezo ambavyo leo vinakumbukwa kama silaha ya Wademokrati viliingia katika sheria kwa mikono ya Warepublikani, huku Wademokrati wengi wakipinga kwa kuwa tarehe zilikuwa zimeondolewa. Fedha za misaada ya kiuchumi kwa Iraq zilifungwa kwa sharti la maendeleo, lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu Rais kulipita sharti kwa kuandika sababu zake. Mlango ulifungwa na ufunguo ukaachwa katika kitasa.

Vigezo vyenyewe havikuwa vya kipuuzi. Baadhi vilikuwa vya kisiasa: kukamilisha mapitio ya katiba, kurekebisha sheria za Baath, kugawa mapato ya mafuta kwa haki kati ya Wasunni, Washia na Wakurdi, kuweka utaratibu wa uchaguzi wa mikoa, kulinda haki za vyama vidogo bungeni. Vingine vilikuwa vya ulinzi: kuleta brigedi tatu za Iraq zilizo tayari kusaidia operesheni za Baghdad, kuwapa makamanda wa Iraq mamlaka bila kuingiliwa na wanasiasa, kuhakikisha sheria inasimamiwa bila upendeleo wa madhehebu, kupunguza mauaji ya kimadhehebu na kuwanyang'anya wanamgambo udhibiti wa mitaa. Kimoja kilitaka viongozi wa siasa wasiwasingizie makosa maofisa wa vikosi vya ulinzi. Havikuhitaji mbunge wa Washington kujifanya jemadari. Hakuna hata kimoja kilichosema kikosi kipi kishambulie wapi, wala kilichotaja njia ya kupita au saa ya kuondoka kambini. Vyote viliuliza swali moja ambalo askari hawezi kulijibu kwa bunduki yake: je, watu ambao tunakufa kwa ajili ya kuwapa nafasi ya kupatana, wanapatana?

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, na ambalo nadhani sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kuliona kwa urahisi. Sheria ile ilimtaka Rais aseme, kwa maoni yake, kama maendeleo ya kuridhisha kuelekea kila kigezo yanapatikana au hayapatikani. Mkaguzi wa Kongresi alitakiwa aseme kama kila kigezo kimefikiwa au hakijafikiwa. Kwa lugha yetu, Rais aliulizwa kama kigezo kinatimizwa, na mkaguzi akaulizwa kama kimetimizwa. Silabi moja tu inatenganisha maneno hayo mawili, na ndani ya silabi hiyo moja ulipita mvutano wote wa majira yale ya kiangazi.

Tarehe 12 Julai 2007 Ikulu ya Marekani ilitoa taarifa yake ya kwanza: vigezo 8 vilikuwa na maendeleo ya kuridhisha, 8 havikuwa nayo, na viwili vikaachwa katikati. Mwanzoni mwa Septemba, mkaguzi akasema kwamba vigezo 3 kati ya 18 vimetimizwa, 4 vimetimizwa kwa kiasi, na 11 havijatimizwa. Siku chache baadaye, tarehe 14 Septemba, Ikulu ikatoa taarifa yake ya pili na kuhesabu maendeleo ya kuridhisha katika nusu ya vigezo vyote. Nchi ileile, miezi ileile, orodha ileile. Warepublikani wakashika hesabu ya Ikulu na kumlaumu mkaguzi kwa kupima mtihani ambao hakuna nchi ingeufaulu kwa miezi michache. Wademokrati wakashika hesabu ya mkaguzi na kuilaumu Ikulu kwa kupaka rangi ukuta uliopasuka. Kila upande ulisema mwenzake anadanganya, ilhali kila mmoja alikuwa anajibu swali alilopewa na sheria iliyoandikwa na wabunge haohao.

Sisemi kwamba maswali yale mawili yana uzito sawa. Mswada wa mafuta unaojadiliwa katika kamati unaweza kuhesabiwa kuwa maendeleo kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na usipitishwe kamwe. Na ndivyo ilivyotokea, kwa kuwa sheria ya kitaifa ya mafuta na gesi ambayo Washington iliisubiri mwaka 2007 haikupitishwa wakati wote ambao majeshi yale yalikuwa nchini Iraq. Neno «maendeleo ya kuridhisha» humpa anayelitumia uhuru usio na mpaka, kwa sababu anayeridhika ndiye anayepima, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini nakiri pia kwamba swali la mkaguzi lilikuwa na ukali uliozidi. Mkaguzi mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa David Walker, aliliona hilo, akaongeza daraja la vigezo vilivyotimizwa kwa kiasi ingawa sheria haikumtaka aliweke, ili asilazimike kuandika kwamba brigedi tatu zilizokuwa zimekwisha kufika Baghdad, zikiwa na upungufu, ni sawa na brigedi ambazo hazikuletwa kabisa. Huo ni uungwana wa mtu anayeipenda kazi yake kuliko chama chochote.

Sasa nigeukie hoja za waliopinga, kwa kuwa zipo ambazo hazistahili kupuuzwa. Hoja ya kikatiba naiona dhaifu. Ni kweli Katiba ya Marekani inamfanya Rais kuwa amiri jeshi mkuu, lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu chake cha kwanza, inaipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita, kuunda majeshi na kuyapatia fedha, na inakataza fedha za jeshi la nchi kavu zisitengwe kwa zaidi ya miaka miwili kwa mara moja. Walioandika sharti hilo walitaka mwenye jeshi alazimike kurudi kila baada ya muda mfupi kwa wawakilishi wa watu na kueleza alichofanya na fedha. Atakayerudi ataulizwa nini, kama si kuulizwa amefikia wapi?

Hoja ya pili, kwamba vigezo humwonyesha adui siku ya kusubiri, ina nguvu ikielekezwa kwa tarehe za kuondoka. Bush alipotia turufu yake alisema magaidi wangetia alama kalenda zao tu na kukusanya nguvu. Lakini kigezo si tarehe, na kuchanganya vitu hivyo viwili ndiko kulikofanya mjadala ule uwe wa viziwi. Na hata kuhusu tarehe, mwezi Novemba 2008 serikali ileile ya Bush ilitia saini makubaliano na Iraq yaliyotaka majeshi ya Marekani yaondoke mijini ifikapo tarehe 30 Juni 2009 na yaondoke nchini kabisa ifikapo tarehe 31 Desemba 2011. Kalenda iliyokuwa hatari ilipoandikwa na Kongresi ilikubalika ilipodaiwa na Baghdad.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, na bado inanisumbua. Mambo makubwa yaliyobadilisha hali ya Iraq mwaka 2007 hayakuwa katika orodha ya 18. Masheikh wa Kisunni wa mkoa wa Anbar walikuwa wamekwisha kuigeuka al-Qaida na kuungana na Wamarekani waliokuwa wakipigana nao jana yake. Na mwishoni mwa Agosti 2007 Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia, aliliamuru jeshi lake la Mahdi lisimamishe mapigano. Mauaji yalipungua sana kuanzia mwishoni mwa mwaka ule, baada ya mwaka huohuo kuua askari wengi wa Marekani kuliko mwaka mwingine wowote wa vita vile. Mtu aliyekuwa akitazama orodha peke yake mwezi Septemba angeona kushindwa, wakati chini ya miguu yake ardhi ilikuwa inahama. Ryan Crocker, balozi wa Marekani nchini Iraq, na Jenerali David Petraeus, kamanda wa majeshi yake huko, walipohojiwa mbele ya Kongresi tarehe 10 na 11 Septemba, waliwaeleza wabunge kwamba upatanisho unaonekana mikoani kabla haujaandikwa katika sheria za Baghdad, na katika hilo hawakuwa wakidanganya.

Hata hivyo, sikubali kwamba hili linavunja haja ya vigezo. Linaonyesha tu kwamba orodha iliyofungwa mwezi Mei haipaswi kubaki ilivyo hadi Septemba pasipo kufunguliwa. Kwa upande mwingine, vile vigezo vilivyodharauliwa kama makaratasi ya Washington ndivyo vilivyotabiri anguko lililokuja baadaye. Orodha ilitaka sheria isimamiwe bila upendeleo wa madhehebu, makamanda wasiingiliwe na wanasiasa, na vikosi vinavyoweza kujitegemea viongezeke. Mkaguzi akaandika kwamba vyote vitatu havijatimizwa. Mwezi Juni 2014, miaka miwili na nusu baada ya Wamarekani kuondoka, jeshi lililogharimu mabilioni ya dola liliukimbia mji wa Mosul mbele ya wapiganaji wachache kuliko lenyewe, na miongoni mwa sababu zake zilikuwa upendeleo wa kimadhehebu na makamanda walioteuliwa kwa utii wao wa kisiasa. Kupungua kwa mauaji kulikuwa kweli, na udhaifu ulioandikwa na mkaguzi ulikuwa kweli vilevile. Chama kimoja kilikataa kuona ukweli wa kwanza na kingine kikakataa kuona wa pili.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ukifuatilia miaka mingi utaona kwamba msimamo wa kila chama juu ya vigezo hufuata jambo moja tu, yaani ni nani anayekaa Ikulu. Mwezi Oktoba 1993, baada ya askari 18 wa Marekani kuuawa katika mapigano ya Mogadishu, Warepublikani wengi, akiwemo Seneta John McCain, walitaka majeshi yaondolewe Somalia mara moja, na Kongresi ikaweka katika sheria kwamba fedha za operesheni zitakoma tarehe 31 Machi 1994. Mwaka 1998, Kongresi iliyoongozwa na Warepublikani ilimtaka Rais Bill Clinton aweke vigezo vya kupima maendeleo ya Bosnia na avitolee taarifa mara kwa mara. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, gavana wa Texas alisema ni muhimu Rais aeleze ratiba ya muda ambao majeshi yatakaa huko na lini yataondolewa. Gavana huyo alikuwa George W. Bush. Miaka minane baadaye yeye na chama chake waliona ratiba kuwa ni zawadi kwa adui, na McCain alikuwa mstari wa mbele kuipinga. Wademokrati, ambao wengi wao walimtetea Clinton dhidi ya masharti ya aina hiyo, wakawa ndio wanaoyadai.

Na Wademokrati hawakuonyesha uthabiti zaidi vita vilipoanza kwenda vizuri. Mwezi Januari 2008 bunge la Iraq lilipitisha sheria mpya kuhusu watu wa Baath, na mwezi Februari likapitisha kwa siku moja bajeti, sheria ya msamaha na sheria ya mamlaka ya mikoa. Hivi vilikuwa miongoni mwa vigezo ambavyo viongozi wa Democratic walivitaja katika kila mkutano wa waandishi wa habari mwaka uliotangulia. Wangeweza kusema kwamba shinikizo lao limezaa matunda, na pengine wangekuwa na haki ya kusema hivyo. Badala yake orodha ikaanza kusahauliwa, kwa kuwa orodha inayojazwa alama za kufaulu haikuwa na faida katika mwaka wa uchaguzi kwa chama kilichotaka kuondoka.

Afghanistan inatuonyesha mwisho wa njia hii. Rais Barack Obama, Mdemokrati, alisema mwezi Machi 2009 kwamba hataendelea na vita kwa upofu bali ataweka vipimo vilivyo wazi. Vipimo viliwekwa, vikawa vingi, na taarifa zikafuatana kwa miaka. Kongresi ilikuwa imeunda mwaka 2008 ofisi ya mkaguzi maalumu wa ujenzi mpya wa Afghanistan, na taarifa zake za kila robo mwaka zilikuwa miongoni mwa maandishi ya kweli zaidi kuhusu vita vile. Mojawapo ya takwimu alizochapisha ilikuwa hesabu ya wilaya zilizo chini ya serikali ya Kabul na zilizo chini ya Taliban. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilikuwa inadhibiti au kuwa na nguvu katika zaidi kidogo ya nusu ya wilaya. Kisha, mwaka 2019, jeshi likaacha kufanya tathmini hiyo likisema haina tena faida kubwa katika maamuzi. Rais wakati huo alikuwa Donald Trump, Mrepublikani, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Wademokrati. Hakuna chama kilichozuia fedha mpaka takwimu ile irudishwe. Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ikaanguka, na wabunge wa vyama vyote wakauliza mbele ya kamera kwa nini hawakuambiwa. Walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi, kisha wakaacha kuuliza.

Ndugu Mhariri, iwapo wabunge wa nchi yoyote wanataka vigezo vya vita visigeuke kuwa fimbo za vyama, nadhani njia ipo, ingawa si nyepesi. Vigezo viandikwe wakati fedha za kwanza zinapoidhinishwa, kabla haijajulikana ni chama kipi kitafaidika na majibu. Viwe vichache. Apimaye asiwe yule anayepigana wala yule anayetaka kumwangusha anayepigana, na aulizwe maswali yote mawili kwa pamoja, kile kinachotimizwa na kile kilichotimizwa, ili asiwepo wa kuchagua swali linalompendeza. Vita vya Vietnam, ambako jeshi lilihesabu maiti za adui na kupanga vijiji katika madaraja ya usalama huku likijisahihishia lenyewe, vilikwisha kuonyesha mwaka 1968, mashambulizi makubwa ya adui yaliyoitwa ya Tet yalipozuka, takwimu za namna hiyo zina thamani gani. Na pale kigezo kinapoanguka, sheria iseme mapema ni jambo gani litafuata, hata kama ni dogo kama kikao cha lazima na kura ya wazi, mradi kura hiyo ipigwe na majina yaandikwe.

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo haiko mikononi mwa wabunge, bali iko mikononi mwako. Magazeti mengi mwaka 2007 yaliandika siku moja kwamba Iraq imefaulu nusu ya mtihani na wiki nyingine kwamba imeanguka karibu mtihani mzima, na msomaji akaachwa aamini gazeti linalofanana na chama chake. Naliomba gazeti lako, litakapotangaza tena kwamba serikali fulani inafanikiwa vitani, liandike katika aya ya kwanza ni nani aliyepima, ni nani aliyemlipa apime, na kama aliulizwa kinatimizwa au kimetimizwa.

Wako kwa heshima,

Msomaji wako wa siku nyingi